Taa ya Nyuma na Gunia la Mkaa

 

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kuhifadhi mtama usiharibiwe na wadudu, na niliahidi kwamba mwezi huu tungeendelea na karanga. Naomba karanga zisubiri kidogo. Nimepokea barua ya mama mmoja wa Handali, na jambo analouliza haliwezi kungoja, kwa kuwa kila jioni linarudi pale pale mlangoni kwake.

Binti yake amepata kazi katika zahanati, naye huenda na kurudi kwa baiskeli. Akiwa na zamu ya mchana hutoka kazini giza limekwisha kuingia. Mama huyo anasema hawezi kutulia mpaka asikie kengele ya baiskeli uani, na kila lori linalopita barabarani humkata tumbo. Sasa amedunduliza fedha za kutosha taa moja tu. Baba wa binti anataka inunuliwe taa ya mbele, ili mtoto aone mashimo. Mama anaona heri ya nyuma. Tena amekwisha kwenda Dodoma mjini, akaona taa moja nyekundu, kali kweli kweli, ambayo boksi lake linasema ina lumeni 200, na muuzaji akamhakikishia kwamba itaonekana toka mbali mno. Anauliza, je, ainunue hiyo?

Mama mpendwa, umemwuliza mtu ambaye jambo hili limeingia nyumbani kwake. Nikusimulie kwanza, ndipo twende dukani.

Mwaka 2016, mwezi wa Agosti, shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, alikuwa anarudi Mvumi usiku na gunia la mkaa nyuma ya baiskeli. Taa yake ya nyuma ilikuwa na wiki mbili tu tangu aipate. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyemletea, na sisi sote tulikwenda kuitazama kama watu wanaokwenda kumtazama mtoto mchanga. Ilikuwa inawaka kiasi kwamba ukiitazama kwa karibu ulibaki na madoa machoni. Tukasema, huyu sasa hagongwi na mtu.

Aligongwa. Gari dogo la mizigo lilimpiga kwa nyuma likamtupa mtaroni. Namshukuru Mungu kwamba alipona, ingawa mguu wa kulia haukurudi kuwa kama zamani, na hadi leo hutembea kwa fimbo. Dereva alisimama, jambo ambalo si wote hulifanya, naye ndiye aliyemfikisha hospitali. Lakini aliapa mbele ya watu kwamba hakuona taa yoyote. Shemeji naye akaapa kwamba taa ilikuwa inawaka. Watu wakaanza kutazamana vibaya, kila upande ukiuona mwingine kuwa ni wa waongo.

Alfajiri mume wangu alikwenda kuichukua ile baiskeli. Akaikuta taa bado inawaka, dhaifu, chini ya tandiko. Na nyuma yake, kati ya taa na barabara, lilikuwapo gunia la mkaa lililofungwa kwa mipira, halijalegea hata kidogo. Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Taa ilikuwa imewaka usiku kucha ikiumulika mkaa.

Tangu siku hiyo, mtu akinisimulia ukali wa taa yake, mimi humwuliza kwanza baiskeli yake hubeba nini.

Hilo ni swali ambalo boksi haliulizi. Nyingi ya taa hizi zimeundwa kwa ajili ya watu ambao hubeba miili yao wenyewe juu ya baiskeli, na labda kibegi mgongoni. Kwa hiyo hutiwa kamba ya mpira ya kuzungushia bomba la tandiko, na huko kwao hapo ndipo mahali pake. Kwetu bomba la tandiko ni mahali pa kujificha. Nyuma yake kuna keria, na juu ya keria kuna madumu ya maji, kuni, gunia, mtoto, au mama mkwe aliyekaa upande na kitenge chake kinaning'inia. Tazama baiskeli zitakazopita kwako jioni ya leo, uhesabu ni ngapi ambazo ungeiona taa iliyofungwa chini ya tandiko.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma lumeni, igeuze taa uangalie jinsi inavyofungwa. Unataka taa inayoweza kukaa kwenye ukingo wa nyuma kabisa wa keria, chini ya mzigo, au kwenye madigadi ya nyuma, au kwenye kimoja cha vile vyuma viwili vinavyoteremka kulishika gurudumu la nyuma. Ukitumia chuma, tumia cha upande wa kulia, maana sisi huendesha kushoto na gari linalotaka kukupita linakupitia kulia. Ikiwa taa ina tundu la skrubu mgongoni, fundi wa baiskeli atakukatia kipande cha bati na kuipachika kwa fedha kidogo. Zile zinazonasa kwa kibanio chembamba cha plastiki ziache dukani. Njia zetu za makorongo huzitikisa mpaka zinachomoka, na mwenye baiskeli hana habari. Ndiyo shida ya taa ya nyuma: unainunua wewe, lakini huioni ikifanya kazi. Unaweza kuendesha mwezi mzima ukidhani unawaka, kumbe ulizima siku ya pili.

Sasa niingie katika ubishi wa mbele na nyuma, nikimwomba radhi baba wa binti. Sisemi kwamba taa ya mbele haina kazi. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliofanywa Vienna mwaka 1968 unataka baiskeli iweze kuonyesha mwanga mweupe au wa njano mbele na mwekundu nyuma, tena iwe na kiakisi chekundu nyuma, yaani kile kiplastiki kisicho na betri ambacho hung'aa kikimulikwa. Mwenye uwezo na anunue zote mbili. Lakini mwenye fedha ya moja afanyeje? Shimo la njia ya kila siku mtu hulijua, na penye mashaka anaweza kushuka akasukuma. Gari linalotoka mbele analiona, akaweza kutoka barabarani. Linalotoka nyuma halioni, na upepo wetu wa Ugogo ukivuma usoni hata mlio hausikii mpaka limefika. Upande huo hana la kufanya. Aliye na la kufanya ni dereva, na dereva hawezi kulikwepa asiloliona.

Hebu tupige hesabu kidogo, msikimbie. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Tangu dereva aone kitu hadi mguu wake ukanyage breki hupita kama sekunde moja na nusu, na gari limekwisha kula mita 33 bila kupunguza mwendo. Halafu ndipo breki zianze kushika: kwenye lami nzuri na kavu zinahitaji kama mita 40 nyingine, na kwenye changarawe na vumbi zaidi ya hapo. Jumla ni zaidi ya mita 70 kwenye barabara nzuri. Na dereva aliyeinamisha taa zake chini humwona mtu mwenye nguo za giza akiwa karibu sana, mara nyingi chini ya mita 50. Mita 70 hazitoshi ndani ya 50. Hapo hata dereva mwenye adabu, asiyelewa, anaweza kumwua mtoto wa mwenzake.

Na dereva ninayemhesabia ni mwenye macho mazima. Sisi wa Mvumi habari za macho tunazijua, maana kwa miaka mingi watu wamekuja hospitali ya hapa toka mbali kwa ajili ya vikope na mtoto wa jicho. Si kila mwenye mtoto wa jicho amekwisha kutibiwa, na si kila ambaye hajatibiwa ameacha kuendesha. Ongeza kioo cha gari kilichojaa vumbi, na taa za gari linalokuja mbele zikimchoma machoni. Kwa hiyo mimi napenda taa ya nyuma ionekane vema katika mita 200, hata ikiwa si kali ya kushangaza.

Je, lumeni 200 si ndizo zitakazotufikisha huko? Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka katika taa, lakini hakisemi mwanga huo unakwenda wapi. Usiku, kwenye njia isiyo na taa za barabarani, lumeni 20 hadi 50 zilizoelekezwa sawasawa nyuma zinatosha kabisa. Taa za lumeni 100 na kuendelea huundwa hasa ili zionekane mchana, kwenye jua. Ukali huo unakula betri haraka, na ili mwanga ufike mbali, mara nyingi huwa umekusanywa katika njia nyembamba. Taa ya namna hiyo ikifungwa ikiwa imeinama kidogo tu, mwanga wote unamulika vumbi la njiani. Ikitazama juu kidogo, unawamulikia popo. Taa ya kiasi yenye mwanga uliotawanyika pande zote humsaidia hata dereva anayetokea kwenye njia panda, ambaye hayuko nyuma yako moja kwa moja.

Tena tazama rangi yenyewe. Mhandisi wa Marekani, Nick Holonyak, alipotengeneza mwaka 1962 ile taa ndogo ya LED ya kwanza yenye mwanga wa kutumika unaoonekana kwa macho, mwanga wake ulikuwa mwekundu. Hadi leo LED nyekundu hutoa wekundu wake kwa moto kidogo sana wa betri, ndiyo sababu taa ya nyuma inaweza kuwa ndogo kama kidole gumba na bado ikaonekana mbali. Lakini zipo taa za bei rahisi ambazo ndani zina LED nyeupe na juu zimefunikwa plastiki nyekundu. Plastiki hiyo huzuia sehemu kubwa ya mwanga mweupe na kuruhusu ule mwekundu kidogo upite. Umelipia mwanga ambao haukutoka nje. Mwombe muuzaji aiwashe, uchungulie kwa upande au afungue kifuniko. Ukiona weupe ndani, rudisha.

Na hapa niwaseme vijana wetu wanaofunga simu nyuma ya keria huku tochi yake inawaka. Nia ni njema. Lakini mwanga mweupe barabarani maana yake ni kwamba chombo kinakuja kuelekea kwako, na mwekundu maana yake kinakwenda mbele yako. Dereva akiona nukta nyeupe mbele yake upande wa kushoto anachanganyikiwa: pikipiki inamjia? mtu amesimama na tochi? Katika kuwaza huko mita 22 za kila sekunde zinapita. Kama huna la kufanya, heri uifunike tochi kwa karatasi nyekundu ya pipi kuliko kuiacha nyeupe.

Wazee watasema, mbona sisi tulikuwa na dainamo? Ni kweli, na mimi naipenda dainamo. Baba yangu alikuwa na Phoenix yenye dainamo iliyosuguana na ubavu wa tairi, na tulikuwa tukiisikia ikiunguruma kabla ya kumwona. Ilitoa volti 6 na wati 3, ambapo wati 2.4 zilikwenda taa ya mbele na 0.6 tu zikabaki kwa ya nyuma. Haikuhitaji betri wala kuchaji, nalo ni jambo kubwa. Ila ilikuwa na kasoro moja: ulipopunguza mwendo ilififia, na uliposimama ilizima. Sasa fikiria njia zetu zenye mchanga. Mahali unaposhuka kusukuma, unapokwenda polepole kuliko kote, na mzigo unapokuyumbisha kuelekea katikati ya barabara, ndipo taa ilipokufa. Siku hizi ziko dainamo ambazo taa zake huhifadhi moto kidogo na kuendelea kuwaka dakika chache baada ya kusimama. Ukiipata hiyo, na miguu yako ina nguvu, chukua.

Wanaobaki ni wa betri za kununua na wa kuchaji. Kama nyumbani mna umeme, au hata kile kipaneli cha sola cha kuchajia simu, ya kuchaji ni nafuu baada ya miezi michache. Chagua inayotumia waya ule ule wa simu ya nyumbani, maana waya wa peke yake utapotea na taa itakuwa pambo. Kama kuchaji ni mpaka ulipe dukani kwa jirani, basi ya betri ndogo za kubadilisha itakufaa zaidi, na jozi moja ya akiba ikae kwenye mfuko wa tandiko.

Usiamini saa zilizoandikwa kwenye boksi. Wakiandika saa 30, huwa ni kwa mwanga hafifu wa kumeta-meta, si kwa ule mkali uliokuvutia dukani. Mimi hufanya hivi: jioni ya kwanza naichaji mpaka ijae, naifunga kwenye baiskeli pamoja na mzigo wake wa kawaida, naiwasha, kisha namwambia mtoto aisimamishe njiani nami naondoka nikihesabu hatua mpaka 200. Nageuka. Nikiiona vizuri, nasogea kulia na kushoto kuona kama inapotea. Halafu tunairudisha ndani tukiiacha inawaka, na baada ya chakula, kama saa mbili zimepita, tunatoka tena kwenda kuhesabu. Taa nyingi zenye sifa hushindwa safari hii ya pili. Watoto hupenda sana mtihani huu, na majirani hudhani tumerukwa na akili.

Sasa vumbi. Kwenye maboksi mengi mtakuta herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na ya pili ni ya maji. Ikiandikwa IPX4, ile X maana yake upande wa vumbi haukupimwa, na 4 maana yake inavumilia maji ya kurushiwa. Ikiandikwa IP65, ile 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Kwa watu wa nchi za mvua X si neno. Kwetu, ambako mvua tunaitazamia kati ya Desemba na Aprili tu, na miezi mingine yote tunapumua udongo, hiyo X ndiyo itakayoiua taa. Vumbi huingia kwenye kitufe kikashindwa kubonyeka, na huingia kwenye tundu la kuchajia waya usishike. Hata taa iliyozibwa sawasawa inapakwa vumbi jekundu kwa nje. Nimewahi kuipangusa taa ya kijana mmoja mlangoni mwa kanisa, siku ya mkesha wa Krismasi, kwa pindo la khanga, na mwanga ukawa kama umezaliwa upya. Alikuwa anadhani betri zimekwisha. Ipangusweni kila siku kabla ya safari, kama mnavyopangusa chimni ya taa ya mafuta.

Watu huuliza pia, iwake tulivu au imete-mete? Mataifa yenyewe hayakubaliani. Ujerumani inakataza taa ya baiskeli inayometa, na Uingereza iliiruhusu mwaka 2005. Inayometa huvuta jicho haraka, lakini katika giza tupu dereva hupata shida kukadiria iko umbali gani na inaelekea wapi. Kwa njia zetu zisizo na taa mimi nashauri iwake tulivu, na ile ya kumeta iwe ya jioni wakati bado kuna nuru kidogo, au betri zinapokaribia kuisha na bado hujafika. Na ikiwa mnarudi wengi kwa mstari kutoka mazoezi ya kwaya, tafadhali yule wa nyuma kabisa ndiye awashe kali, wengine wapunguze. Mtu hawezi kuendesha salama nyuma ya mwenzake anayempiga macho kwa radi.

Kuna jaribio ambalo nimelipenda. Katika mji wa Odense, nchini Denmark, kati ya mwaka 2004 na 2005, waendesha baiskeli karibu 4,000 walishiriki katika uchunguzi. Sehemu yao walipewa taa zinazowaka muda wote, mchana na usiku, zisizo na betri wala swichi, ambazo hupata nguvu kutokana na sumaku zilizofungwa kwenye spoku. Baada ya mwaka mmoja waliokuwa na taa hizo walikuwa wamepata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19 kuliko wenzao. Kinachonivutia hapo ni kukosekana kwa swichi. Taa isiyozimwa haisahauliwi kuwashwa. Sisi tunaotumia betri hatuna bahati hiyo, na kwetu giza haliingii kwa hatua: jua likizama, muda mfupi tu hushiki tena uso wa mtu. Mtoto anayesema atawasha taa giza likiingia, giza litaingia yuko katikati ya mteremko na mikono yote iko kwenye breki.

Kiakisi msikidharau kwa kuwa ni rahisi. Hakiishiwi betri. Udhaifu wake ni kwamba hungoja kumulikwa, na kikiwa kichafu hakisemi kitu. Kile cha kwenye madigadi kibaki, kisafishwe. Na kama mtapata vipande vya ile stika ya kung'aa wanayobandika malori, fungeni kimoja kwenye kila kifundo cha mguu. Miguu ya mwendesha baiskeli hupanda na kushuka, na dereva akiona vitu viwili vinapanda na kushuka kwa zamu anatambua mara moja kwamba ni binadamu. Wachunguzi wamelithibitisha hili mara nyingi. Gharama yake ni ndogo kuliko sabuni.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu milioni 1.19 hivi hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Nimeitaja hesabu hiyo kwa sababu baadhi ya wazee wetu bado wanaona kwamba dawa ni binti asipande baiskeli kabisa. Nilipokuwa msichana, msichana juu ya baiskeli alichekwa njia nzima, na wengine walimpigia miluzi. Leo huyo huyo ndiye anayekuja kumzalisha mkwe wa mzee usiku wa manane. Apande. Awashe taa.

Basi, mama wa Handali, rudi kwenye lile duka. Ile ya lumeni 200 usiikatae kwa jina lake tu. Nyingi zina ngazi ya chini, na ukiitumia hiyo ya chini itakupa saa nyingi. Lakini igeuze mgongo. Kama ni kamba ya mpira ya bomba la tandiko tu, na binti yako hubeba mfuko wa dawa au kuni za kukuletea wewe, iache, hata muuzaji akupunguzie. Kama ina tundu la skrubu, na ndani ni nyekundu, na kwenye boksi mbele ya ile tarakimu ya maji hakuna X, lipa. Na baba wa binti mwambie kwamba taa ya mbele itafuata baada ya mavuno, mashimo yatamsubiri.

Taa ya shemeji bado tunayo. Hakuitaka tena, akampa binti yetu anayefundisha shule ya jirani. Ni ya betri ndogo mbili za kubadilisha, kwa hiyo haijazeeka. Mpira wake tuliukata, na fundi akaipachika kwa bati kwenye chuma cha kulia, chini kabisa, mahali ambapo hata gunia la mkaa haliwezi kuifunika. Kila anapotoka alfajiri husimama kidogo langoni bila kugeuka, akiuliza, "Mama, inawaka?" Nami huitika, "Inawaka, mwanangu," naye huondoka, na mimi hubaki nikiitazama mpaka kwenye mbuyu ambapo njia inakata.

Karanga ni mwezi ujao, Mungu akipenda.